Vyura wa milima ya Tanzania na watu wanaojitolea kuwatafiti: mambo ya kufahamu

Katika misitu ya mvua iliyo juu ya milima ya mashariki mwa Tanzania wanaishi vyura wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Baadhi yao wanajulikana kutoka mlima mmoja tu, wengine kutoka bonde moja, na mmoja wao makazi yake yote yalikuwa na ukubwa wa hekta 2 hivi. Kwa zaidi ya miaka 30, sehemu ya kazi ya kuwatafuta, kuwapima na kuwahesabu wanyama hao imefanywa na watu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Wengi wao ni vijana wa Ulaya waliojilipia gharama zao wenyewe.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo, ilianzaje, inaleta faida gani na ina hatari zipi. Yanawahusu pia vijana wa Burundi waliosoma biolojia, misitu au mazingira, ambao husikia nafasi za aina hii zikitangazwa katika nchi jirani na kujiuliza kama milango imefunguliwa kwao pia.

Milima yenyewe na sababu ya vyura kuwa wengi

Safu inayozungumziwa hujulikana kama Milima ya Tao la Mashariki. Ina vipande 13 vya milima: huanzia Taita nchini Kenya, hupita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, na kufika Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Ni milima ya kale sana. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huigonga na kuacha mvua na ukungu mwaka mzima, hivyo misitu yake iliendelea kuishi hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikauka.

Nyanda kavu zilizo kati ya mlima mmoja na mwingine ziligeuka kizuizi. Chura ana ngozi laini inayopitisha maji na hewa, na hawezi kusafiri kilomita nyingi juani. Kwa hiyo vyura wa kila mlima walibaki peke yao kwa muda mrefu mno, na kila kundi likabadilika kwa namna yake. Ndiyo sababu mtaalamu anayepanda Usambara hukuta spishi tofauti na zile za Uluguru, ingawa milima hiyo miwili iko ndani ya nchi moja.

Mifano ipo mingi. Mwaka 2002 wataalamu walieleza kwa mara ya kwanza chura wa mtini kutoka milima ya Ukaguru, nao wakampa jina la kisayansi la Churamiti maridadi, maneno yaliyochukuliwa moja kwa moja kutoka katika Kiswahili. Katika milima ya Taita yuko mnyama wa kundi hilohilo la amfibia asiye na miguu, anayeishi ardhini na kufanana na mnyoo mnene. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba mama wa spishi hiyo hunenepesha ngozi yake ya nje kwa mafuta, na watoto wake huibandua kwa meno maalumu na kuila kama watoto wa wanyama wengine wanavyonyonya maziwa. Naye chura mdogo aitwaye Parhoplophryne usambarica anajulikana kwa kielelezo kimoja tu, kilichopatikana Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1926.

Misitu hiyo si mali ya vyura peke yao. Maji ya mto Ruvu, yanayotumiwa na wakazi wa Dar es Salaam, huanzia kwa sehemu kubwa katika milima ya Uluguru. Mji wa Tanga hunywa maji ya mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki. Umeme wa Kihansi na Kidatu hutegemea mito ya nyanda za juu na milima ya Udzungwa. Anayetunza msitu wa chura hutunza pia bomba la maji la mji ulio mbali.

Chura wa Kihansi: kisa kilichobadilisha mjadala

Hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa jambo hili kama kile cha chura wa manyunyu wa Kihansi. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme lilipokuwa likijengwa kwenye mto Kihansi chini ya ukingo wa milima ya Udzungwa, wachunguzi wa mazingira walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu chini ya maporomoko ya maji. Jike mzima hana hata sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura wengi, bali huzaa watoto waliokamilika, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita 5 hivi. Wataalamu, miongoni mwao Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimpa jina la Nectophrynoides asperginis. Neno la pili linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Maisha yake yote yalitegemea manyunyu hayo. Maporomoko ya Kihansi yalipiga miamba na kulowesha mimea ya korongo usiku na mchana, kwa halijoto isiyobadilika sana. Mtambo wenye uwezo wa megawati 180 ulipoanza kufanya kazi, karibu mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yaligeuzwa kupita kwenye handaki la mitambo. Manyunyu yakakatika karibu mara moja.

Serikali ya Tanzania na wafadhili wa mradi, ikiwemo Benki ya Dunia, walikabiliwa na swali gumu. Nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme, na bwawa lilikuwa limekwisha kujengwa. Kwa upande mwingine, spishi nzima ya mnyama ingeweza kufutika kwa uamuzi mmoja. Hatua mbili zilichukuliwa. Ya kwanza ilikuwa kutandaza mabomba ya kunyunyizia maji ndani ya korongo ili kuiga manyunyu ya asili. Ya pili ilikuwa kuwakamata vyura 499 mwishoni mwa mwaka 2000 na kuwapeleka Marekani, ambako bustani za wanyama za Bronx na Toledo zilibeba jukumu la kuwazalisha.

Mabomba yalisaidia. Kufikia katikati ya mwaka 2003 idadi ya vyura korongoni ilikadiriwa kuwa karibu 20,000. Kisha, katika muda wa miezi michache, wakaanguka. Mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana au kusikika walihesabika kwa vidole. Wataalamu walitaja sababu zaidi ya moja: mabadiliko ya mazingira yaliyotokana na kupungua kwa maji, maji ya bwawa yaliyofunguliwa ghafla na ambayo huenda yalibeba matope na dawa za mashambani, na ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa kwenye ngozi za vyura waliokufa. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka katika mazingira yake ya asili.

Hadithi haikuishia hapo. Huko Marekani, baada ya miaka ya mwanzo ya vifo vingi, watunzaji walijifunza mwanga, chakula na unyevu unaowafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Tanzania na kuwekwa katika jengo maalumu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya uangalizi wa Watanzania waliofundishwa kazi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2012 vyura wa kwanza waliachiliwa tena katika korongo la Kihansi, na juhudi za kuimarisha idadi yao ziliendelea baadaye. Somo lililobaki ni kwamba kumrudisha mnyama nyumbani ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi, wakati kumchunguza kabla ya mtambo kujengwa kungekuwa kazi ya miezi.

Kuvu linaloua vyura

Ugonjwa uliotajwa hapo juu unastahili maelezo yake, kwa kuwa unagusa moja kwa moja suala la wageni kuingia misituni. Husababishwa na kuvu liitwalo Batrachochytrium dendrobatidis, lililoelezwa rasmi mwaka 1999. Mbegu zake ndogo huogelea majini, hushika ngozi ya chura na kuiharibu. Kwa kuwa chura hutumia ngozi kurekebisha chumvi za mwili, ngozi ikiharibika chumvi hizo hupungua na hatimaye moyo husimama.

Mwaka 2019 jopo kubwa la wanasayansi lilichapisha tathmini iliyoonyesha kwamba ugonjwa wa kuvu umechangia kupungua kwa spishi zisizopungua 501 za amfibia duniani, na kwamba spishi 90 kati ya hizo hudhaniwa zimetoweka kabisa. Walioathirika zaidi ni wa Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na Australia. Tathmini nyingine ya kimataifa, iliyotolewa mwaka 2023 baada ya kuchunguza spishi zaidi ya 8,000, ilionyesha kwamba amfibia wawili kati ya kila watano wamo hatarini kutoweka. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hali mbaya kiasi hicho.

Kuvu hilo linaweza kusafiri katika tope la buti, katika wavu wenye unyevu au katika mikono ya mtu aliyetoka kumshika chura mgonjwa. Kwa hiyo mtu aliyekuja kusaidia anaweza kuwa ndiye anayeleta maangamizi. Miradi makini huweka masharti ambayo hayana mjadala: buti na vifaa huoshwa kwa brashi na kuuawa vijidudu kwa dawa kabla ya kutoka bonde moja kwenda jingine, kisha hukaushwa, kila chura hushikwa kwa glavu mpya au mfuko mpya wa plastiki, na chura huachiliwa palepale alipokamatwa.

Mtu wa kujitolea hufanya nini hasa

Matangazo mengi huonyesha picha ya kijana anayetabasamu akiwa na chura kiganjani. Kazi halisi ina jasho zaidi na picha chache.

Sehemu kubwa ya utafiti wa vyura hufanyika usiku. Kikundi cha watu watatu au wanne hutoka baada ya jua kuzama, kila mmoja akiwa na tochi ya kichwani, na kufuata mstari uliopimwa kando ya kijito. Hutazama majani, mawe na mashimo ya miti kwa muda uliowekwa, na kuandika kila mnyama aliyeonekana, saa, halijoto, unyevu na umbali kutoka kwenye maji. Vyura madume hutambulika pia kwa milio, hivyo vinasa sauti hutumika, na anayejifunza vizuri huweza kutaja spishi kabla ya kuiona.

Mchana kuna ndoo. Ndoo za plastiki za lita 20 hufukiwa ardhini hadi mdomo wake ulingane na uso wa udongo, kwa umbali wa mita 5 kutoka ndoo moja hadi nyingine, na uzio mfupi wa nailoni hupitishwa juu yake. Mnyama anayetembea usiku hukutana na uzio, huufuata na kutumbukia. Ndoo hutobolewa chini ili mvua isimzamishe, na ni lazima zikaguliwe kila asubuhi bila kukosa, kwa kuwa siafu wakifika kwanza hawabakizi kitu. Njia hii huwapata vyura wa ardhini, amfibia wasio na miguu, na panya wadogo wa msituni ambao macho ya mtu hayangewaona.

Chura aliyepatikana hupimwa urefu kuanzia ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili, hupimwa uzito, hupigwa picha, na wakati mwingine hupanguswa ngozi kwa kijiti chenye pamba ili maabara ichunguze kama ana kuvu. Kisha hufuata saa nyingi za kunakili takwimu. Mvua hunyesha, nguo hazikauki, njia huteleza, na usiku mwingine hupita bila chura hata mmoja. Hata usiku huo una thamani, kwa sababu kutoonekana kwa mnyama ni taarifa, mradi uchunguzi umefanywa kwa namna ileile kila mara.

Faida iliyothibitika

Mfano unaojulikana zaidi nchini Tanzania ni programu ya Frontier-Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa shirika moja la Uingereza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wa kujitolea kutoka Ulaya walikaa misituni kwa majuma kadhaa wakiwa wasaidizi wa utafiti chini ya wataalamu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 walichunguza misitu ya Usambara Mashariki mmoja baada ya mwingine, katika mpango wa hifadhi uliofadhiliwa na Finland na kuendeshwa pamoja na idara ya misitu ya Tanzania. Kila msitu uliandikiwa ripoti yake ya miti, ndege, vipepeo, mamalia, mijusi na vyura.

Ripoti hizo zilijaza pengo. Kabla yake, misitu midogo ya nyanda za chini za Usambara ilijulikana kwa majina tu katika ramani za serikali. Baada yake, maofisa wa misitu walikuwa na orodha inayoonyesha msitu upi una wanyama gani, na hoja ya kuulinda ikawa na ushahidi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 karibu na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, imo katika eneo hilohilo, na Usambara Mashariki yote ilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya kimataifa ya binadamu na viumbe hai mwaka 2000.

Huko Udzungwa njia nyingine ilichukuliwa. Mwaka 2006 kilifunguliwa kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia huko Mang'ula, kwa ushirikiano wa Hifadhi za Taifa Tanzania na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia. Kituo cha kudumu kina faida ambayo msafara wa wiki chache hauwezi kuwa nayo: wafanyakazi wake ni wakazi, wanayajua maeneo kwa miaka, na takwimu za mwaka huu hulinganishwa na za miaka iliyopita.

Upande wa pili wa shilingi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la baadhi ya programu ni kwamba mgeni huondoka kabla ya kujua jembe linashikwaje. Kutambua vyura wadogo wa kahawia wanaofanana kunahitaji mazoezi ya miezi. Mtu wa wiki 2 akikosea jina la spishi, na kosa hilo likaingia katika takwimu, hasara yake huonekana miaka mingi baadaye.

Kuna pia suala la fedha. Katika programu nyingi mtu wa kujitolea hapewi posho, bali ndiye anayelipa. Malipo hayo hugharimia chakula, usafiri, mwongozaji na sehemu ya utafiti, na kuna utafiti ambao usingefanyika bila fedha hizo, kwa kuwa wafadhili wachache hujali vyura. Lakini utaratibu huo huwachuja watu kwa mfuko wao kabla ya kuwapima kwa uwezo. Kijana wa Muheza, wa Bururi au wa Kigoma mwenye shahada ya biolojia hukuta nafasi ya kujifunza katika msitu ulio karibu naye ikiuzwa kwa bei ambayo familia yake haiwezi kuilipa, wakati jina la aliyeilipa ndilo linaloingia katika shukrani za ripoti.

Waongozaji wa vijijini nao wana hoja. Wao ndio wanaojua kijito kipi hakikauki, mlio gani husikika mvua za kwanza zinapoanza, na mnyama gani hajaonekana tangu enzi za wazee wao. Mara nyingi hulipwa kwa siku na kusahaulika kazi inapochapishwa. Baadhi ya watafiti wamebadilika: huwataja waongozaji kwa majina, hurudisha matokeo kijijini kwa Kiswahili na huacha nakala za vielelezo katika vyuo vya nchi husika.

Msitu una wenyewe

Hifadhi ya msitu si jambo la wanyama na wanasayansi tu. Usambara Mashariki inatoa mfano mzito. Kati ya misitu miwili iliyohifadhiwa palikuwa na ukanda uitwao Derema, ambamo wanavijiji walilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa kwa miaka mingi. Wataalamu waliona ukanda huo ni daraja la wanyama kati ya misitu hiyo, na serikali ikaamua kuuhifadhi. Wakulima walizuiwa kuendelea na kilimo cha iliki na kuahidiwa fidia. Malipo yalichukua miaka, na malalamiko kuhusu kiasi chake na kuhusu ardhi ya kuhamia yaliendelea muda mrefu baada ya mipaka kuwekwa.

Mtu wa kujitolea anayefika kijijini bila kuijua historia kama hii anaweza kuonekana kuwa jicho la watu waliochukua mashamba. Ndiyo maana miradi yenye busara huanza kwa kupita ofisi ya kijiji, kueleza kinachotafutwa na kinachotarajiwa kutokana na matokeo, na kusikiliza kabla ya kupanda mlimani.

Vibali na taratibu

Raia wa Burundi huingia Tanzania bila viza, kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kuingia nchini ni jambo moja na kufanya utafiti ni jambo jingine. Utafiti unaofanywa na mgeni huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayojulikana kwa kifupi COSTECH. Utafiti wa wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWIRI. Anayeingia katika misitu ya hifadhi ya serikali kuu anahitaji ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, na anayeingia katika hifadhi ya taifa huomba kwa TANAPA. Mgeni anayekaa kwa ajili ya kujitolea au kutafiti huhitaji kibali cha ukaazi cha daraja C.

Kubeba vielelezo nje ya nchi, hata kipande kidogo cha ngozi, kunahitaji vibali vyake. Vyura wote wa jenasi ya Nectophrynoides, ikiwa ni pamoja na wa Kihansi, wamo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambayo inakataza biashara yao. Asiye na karatasi anaweza kukamatwa uwanja wa ndege, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Burundi nayo ina vyura wake

Itakuwa upungufu kuzungumzia milima ya jirani na kusahau ya nyumbani. Misitu ya Kibira na Bururi imo katika safu ya Bonde la Ufa la Magharibi, eneo jingine lenye utajiri mkubwa wa viumbe wasiopatikana kwingineko. Katika msitu wa Bururi aliishi chura mwenye kidole kirefu, Cardioglossa cyaneospila, ambaye hakuonekana tena na wanasayansi baada ya mwaka 1949. Misukosuko ya kisiasa ilifanya utafiti uwe mgumu, na wengi walidhani ametoweka. Mwezi Desemba 2011, Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso na David Blackburn wa Chuo cha Sayansi cha California walimpata tena, baada ya miaka 62.

Habari hiyo ilifurahisha, lakini ilionyesha pia jambo la kusikitisha. Msitu wa Bururi ni mdogo na umezungukwa na mashamba. Mnyama aliyetafutwa kwa miongo sita alikuwa akiishi karibu na watu wanaopita hapo kila siku, na kilichokosekana ni watu wenye mafunzo, vifaa na usalama wa kumtafuta usiku. Kijana wa Burundi aliyefundishwa Amani au Udzungwa anaweza kurudi na ujuzi huo hadi Kibira na Bururi, mahali ambapo unahitajika sana.

Hapa wazungumzaji wa Kiswahili wa Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac wana hazina ambayo kijana wa Ulaya hana. Kiswahili ndiyo lugha ya waongozaji, ya wazee wa vijiji, ya maofisa wa misitu na ya madaftari mengi ya kijijini nchini Tanzania. Anayeweza kuzungumza na mwongozaji bila mkalimani hupata katika siku moja maelezo ambayo mgeni mwingine hukaa mwezi bila kuyapata. Akiongeza Kifaransa, anaweza kuunganisha takwimu za Tanzania na zile za Burundi na mashariki mwa Kongo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali nafasi

Kwa anayefikiria kujitolea, au mzazi anayeombwa fedha za safari, maswali yafuatayo husaidia kutenganisha mradi wa kweli na utalii uliovikwa vazi la sayansi.

Je, mradi una kibali cha utafiti chenye namba, na uko tayari kukionyesha? Je, kuna mtaalamu wa vyura anayekaa kambini, au msimamizi ni mwanafunzi aliyefika mwezi uliopita? Matokeo ya miaka iliyotangulia yamechapishwa wapi, na chuo au taasisi gani ya nchi yenye msitu imeshiriki? Vifaa husafishwaje kati ya eneo moja na jingine? Mradi usio na jibu la haraka kwa swali hili haufai kuingia msituni kabisa. Je, waongozaji hulipwa kiasi gani, na wana bima wanapoumia? Je, kuna nafasi zilizopunguzwa bei au kugharimiwa kwa wananchi wa Afrika Mashariki? Na mtu akivunjika mguu saa 5 usiku kilomita kadhaa kutoka barabarani, nani atambeba na kumpeleka hospitali gani?

Asiyeweza kusafiri ana njia nyingine. Kurekodi milio ya vyura wa bondeni kwa simu, kupiga picha bila kumgusa mnyama, kuandika tarehe, mahali na hali ya mvua, kisha kupeleka kumbukumbu hizo kwa idara ya biolojia ya chuo kikuu au kwa ofisi ya taifa ya mazingira, ni mchango halisi. Haba na haba hujaza kibaba, na orodha nyingi za spishi zilianza kwa daftari la mtu mmoja aliyeamua kuandika alichokiona.

Chura wa Kihansi alipatikana wakati bwawa lilikuwa tayari linajengwa. Wa Bururi alipatikana wakati msitu wake ulikuwa umekwisha kuwa kisiwa katikati ya mashamba. Katika visa vyote viwili mtafiti alifika akiwa amechelewa, na gharama ya kuchelewa huko imeangukia nchi zetu. Kadiri watu wa ukanda huu wanavyofundishwa kuifanya kazi hii wenyewe, ndivyo taarifa itakavyotangulia ujenzi wa bwawa, barabara au shamba linalofuata.